Trela la kulala na gari la kulivuta, kwa mwenye nafasi finyu ya kuegesha

Waswahili wengi tunaoishi Marekani tumeanza kupenda kusafiri na trela la kulala: watoto wanaona mbuga na maziwa, mama anapika chakula anachokijua, na hoteli haituli pesa. Maswali ya wanaoanza ni yaleyale. Toyota Highlander yangu itavuta trela la futi ngapi? Ninunue pikapu kwanza au trela kwanza? Halafu, mwisho kabisa, mara nyingi baada ya mtu kulipa kianzio: naishi nyumba za safu, nitaliegesha wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo la kwanza. Trela hulala kuliko linavyotembea. Kwa familia nyingi linakaa mahali pamoja zaidi ya siku 300 kwa mwaka. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mahali pa kulaza trela, unakuja kwenye uzito, na gari linafuata baadaye. Umeandikwa kwa ajili yako mwenye nyumba ya safu, nyumba yenye njia fupi ya gari, au apatimenti, unayetaka trela dogo la familia. Mwenye shamba na trela la futi 30 ana hesabu nyingine.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Tepu ya kupimia ya futi 25 au zaidi, chaki, na pima maji (hata ile ya kwenye simu inatosha).
- Picha ya stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva wa gari lako.
- Kitabu cha gari, sehemu inayohusu kuvuta trela. Kama kimepotea, kampuni nyingi za magari zimekiweka bure kwenye tovuti zao. Tafuta cha mwaka wako na injini yako.
- Mkataba wa nyumba, kanuni za HOA (chama cha wenye nyumba wa mtaa) kama mtaa wako unayo, na kanuni za mji kuhusu kuegesha matrela.
- Mizani ya bafuni.
- Bajeti yenye mistari zaidi ya mmoja: trela, kiungio (cha kuliunganisha na gari), kidhibiti cha breki, bima, usajili, matairi, na kodi ya yadi ya kulihifadhia ikihitajika. Anayeweka pesa zote kwenye trela hujikuta analivuta kwa matairi yaliyochakaa.

Hatua ya 1: Pima mahali litakapolala

Toka nje na tepu. Pima urefu kutoka mlango wa gereji ya nyumba hadi ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Usipime hadi barabarani. Miji mingi inakataza kuziba njia hiyo, na mkia au ulimi wa trela (chuma cha mbele kinachoshikana na gari) ukitokeza juu yake unaweza kuandikiwa faini. Pima upana sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, kwenye nguzo ya geti au kona ya ukuta. Kisha tazama juu: matawi, ukingo wa paa, nyaya.

Sasa chora umbo la trela kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, halafu jaribu kuishi nalo. Fungua milango ya gari la nyumbani pembeni yake. Pitisha pipa la taka. Mwambie mtoto atoe baiskeli yake.

Chukua mfano wa njia yenye urefu wa futi 22 na upana wa futi 16. Trela lenye upana wa futi 6 na inchi 8, kama Casita ya futi 17, linaacha futi 9 na inchi 4 pembeni. Gari la familia linakaa na milango inafunguka. Weka hapohapo trela lenye upana wa futi 8: zimebaki futi 8, na gari la ukubwa wa Highlander lina upana wa zaidi ya futi 6 bila kuhesabu vioo. Utaingia kwa kujibana kila asubuhi ya kazi. Ndiyo sababu kwa mwenye nafasi finyu upana una uzito kuliko urefu, ingawa matangazo yote yanazungumzia urefu.

Mambo matatu husahaulika hapa:

Mlango wa trela la Marekani huwa upande wa kulia, upande wa abiria. Ukirudi nyuma hadi ukaegesha ubavu wa kulia ukiwa karibu na uzio, umeufungia mlango. Acha angalau futi 2 na nusu upande huo, la sivyo hutaweza hata kuingia kulisafisha.

Namba iliyo kwenye jina la trela si lazima iwe urefu wake. Kuna wanaohesabu chumba peke yake, na ulimi wa mbele ukaongeza futi 3 au 4. Uliza urefu wa jumla, kutoka ncha ya ulimi hadi bampa ya nyuma pamoja na tairi la akiba, na ukifika kwa muuzaji upime mwenyewe.

Mteremko nao una neno. Njia inayopanda ghafla kutoka barabarani hufanya mkia wa trela ukwaruze lami. Kadiri mkia unavyotokeza mbali nyuma ya ekseli ndivyo unavyokwaruza mapema.

Hatua ya 2: Soma kanuni kabla hujalipenda trela lolote

HOA nyingi haziruhusu trela lionekane kutoka barabarani, isipokuwa saa chache za kupakia na kupakua. Mikataba mingi ya apatimenti inakataza matrela kabisa. Miji nayo huweka kikomo cha muda barabarani, kwa kawaida kati ya saa 24 na 72, na mingine hairuhusu trela lililoachanishwa na gari kukaa barabarani hata kidogo. Kwenye majimbo ya theluji, kama Minnesota, kuna amri za majira ya baridi za kuondoa kila kitu barabarani ili magari ya kuondoa theluji yapite.

Usiridhike na kauli ya jirani kwamba "hapa hawasemi kitu". Andika barua pepe kwa ofisi husika, uliza kwa maandishi, hifadhi jibu. Eleza urefu, upana na kimo. Mara nyingine jibu linakuwa ndiyo kwa trela lililo chini ya kimo cha uzio au lililofichwa ndani ya gereji, na hilo linabadilisha aina unayopaswa kutafuta.

Hatua ya 3: Amua kama litalala nyumbani au yadi

Kama nyumbani hapafai, kuna yadi za kukodi kwa mwezi, za wazi au zenye paa. Nyingi hupanga bei kwa urefu, na kwa hiyo kuteremka kutoka futi 21 hadi futi 19 huweza kukuondolea daraja zima la kodi. Uliza milango hufunguliwa saa ngapi, kama kuna umeme wa kuchaji betri, na kama njia kati ya mistari ina nafasi ya kugeuza. Nenda ukaione siku ambayo yadi imejaa.

Maoni yangu ni haya: yadi iliyo mwendo wa dakika 15 inafaa. Ya dakika 50 hufanya trela lisitumike, kwa sababu kila safari inaanza na safari nyingine ya kwenda kulichukua.

Hatua ya 4: Soma stika ya mlango na ufanye hesabu

Hapa ndipo watu wengi hukosea, basi twende polepole.

Tangazo linasema gari "linavuta ratili 5,000". Namba hiyo, kwa kampuni zinazofuata SAE J2807, kipimo cha pamoja cha wahandisi wa magari, imepimwa gari likiwa na dereva na abiria mmoja, kila mmoja ratili 150, na vifaa vichache. Haijapimwa likiwa na baba, mama, bibi aliyekuja kutembea, watoto watatu na sanduku la barafu.

Fungua mlango wa dereva. Kuna stika ya matairi yenye sentensi inayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani, kwa kilo na kwa ratili. Huo ndio uwezo wa gari lako kubeba. Si wa gari la rafiki yako la mwaka uleule: paa la kioo, magurudumu makubwa na viti vya umeme hupunguza namba hiyo, gari kwa gari.

Trela haliburutwi tu, linaegemea pia. Ulimi wake hukandamiza nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililopakiwa, na uzito huo unatoka kwenye uwezo huohuo wa kubeba.

Mfano. Stika inasema ratili 1,200.

- Watu wanne: 600 (wapime kwa mizani ya bafuni, usikadirie)
- Mizigo ndani ya gari: 150
- Kiungio na vifaa vyake: 70
- Imebaki kwa ajili ya ulimi: 380

Gawanya 380 kwa 0.13, ambayo ni karibu na katikati ya kiwango salama. Unapata kama ratili 2,900. Gari linalotangazwa kuvuta 5,000, kwa familia hii, limeishia kwenye trela la ratili 2,900 likiwa limepakiwa. Fanya hesabu hii kwa watu wako na stika yako kabla hujaenda kwa muuzaji, uiandike kwenye karatasi, uiweke mfukoni.

Onyo. Muuzaji atakutajia uzito wa trela tupu. Mara nyingi uzito huo hauna betri, gesi, maji, vyombo wala nguo. Galoni moja ya maji ni ratili 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 20 likijaa ni ratili 166. Mtungi wa gesi wa kawaida, ule unaoitwa wa ratili 20, ukijaa ni kama ratili 37 kwa pamoja na chuma chake. Kwa trela dogo ongeza ratili 500 hadi 700 juu ya uzito mtupu unapopanga. Halafu tazama GVWR kwenye stika ya trela lenyewe, ambayo ni kikomo cha juu cha uzito wake likiwa limepakiwa, kisha uone kama hesabu yako bado inasimama.

Onyo jingine. Kiungio kinachosambaza uzito, chenye vyuma viwili vya kusukuma, husaidia gari lisiiname nyuma. Hakiongezi namba ya kwenye stika. Na baadhi ya magari hayaruhusu kifaa hicho, kitabu kitasema.

Hatua ya 5: Chagua aina ya trela kwa nafasi uliyo nayo

*Tone.* Dogo, la chini, kitanda ndani na jiko nyuma chini ya mfuniko. Mengi yana ratili 1,000 hadi 2,000. Hukaa kwenye gereji nyingi. Ni la watu wawili. Watoto watalala kwenye hema pembeni.

*La kukunja lenye turubai.* Likifungwa ni sanduku la chini linaloingia gereji, likifunguliwa lina vitanda viwili vikubwa. Kwa familia yenye watoto na pesa kidogo, hili huonekana ndilo jibu. Lakini turubai ikinyeshewa ni lazima ikaushwe ndani ya siku moja au mbili, na kukausha maana yake ni kulifungua lote. Kama nyumbani huna nafasi ya kulifungua na yadi hairuhusu, litaota ukungu, na harufu ya ukungu haitoki. Swali la nafasi lina sura mbili: nafasi ya kulifunga na nafasi ya kulifungua.

*La pembetatu lenye kuta ngumu*, kama Aliner. Hufunguka haraka, likifungwa halizidi kimo cha gari dogo, na halina turubai kubwa ya kukausha. Kwa watu wawili na mtoto mmoja wenye gereji, hili ndilo ningelitazama kwanza.

*Yai la faibaglasi.* Scamp ya Backus, Minnesota, na Casita ya Texas, zikifuata mtindo ulioanzishwa na Boler huko Winnipeg, Kanada, mwaka 1968. Mwili ni maganda mawili ya faibaglasi yaliyounganishwa, kwa hiyo viungio vya kuvujisha maji ni vichache. Scamp ndogo ina urefu wa futi 13 na upana wa futi 6 na inchi 8. Hayapotezi bei upesi, na ndiyo maana ya mitumba si rahisi. Kumbuka kimo chake huzidi futi 7, na mlango wa kawaida wa gereji ni futi 7.

*Sanduku la kawaida* la futi 16 hadi 20, linalotengenezwa kwa wingi Elkhart, Indiana, na miji ya jirani. Bei nafuu, vitanda vya ghorofa kwa watoto, choo na bafu. Mengi yana fremu ya mbao na paa lenye viungio vingi, na upana wake ni futi 7 hadi 8 na nusu. Kama lina chumba kinachosukumwa nje, hesabu nafasi hiyo pia, maana baadhi hayafikiki kabati zake chumba kikiwa kimefungwa.

Ushauri wangu kuhusu vitanda, ndugu yangu: hesabu wanaolala kila safari, usihesabu wageni. Tunapenda watu, na tunanunua trela la watu wanane kwa ajili ya shangazi atakayekuja mara moja. Kambi nyingi zinaruhusu hema kwenye eneo lilelile la trela. Uliza, kisha nunua hema.

Kabla ya kununua, kodi. Tovuti za RVshare na Outdoorsy zina matrela ya watu binafsi ya kukodi kwa siku. Kodi aina unayoitaka, lilete nyumbani, liingize mahali ulipochora kwa chaki. Wikiendi moja itakujibu mambo ambayo picha haziwezi.

Hatua ya 6: Thibitisha gari, au chagua jingine

Sasa una namba mbili: uzito wa trela lililopakiwa na nafasi iliyobaki kwa gari. Gari linatafutwa ndani ya hizo mbili.

Uwezo wa kuvuta wa magari yanayopendwa na familia zetu (kagua kitabu chako, maana toleo na vifaa hubadilisha):

- RAV4 ya kizazi cha 2019 hadi 2025: ratili 1,500 kwa ya kawaida, 1,750 kwa haibridi, na 3,500 kwa Adventure na TRD Off-Road.
- Sienna na Odyssey: hadi 3,500, zikiandaliwa kama kitabu kinavyotaka. Watu huzidharau, lakini kwa yai la futi 13 au la pembetatu zinafanya kazi vizuri, na tayari zipo nyumbani.
- Highlander ya 2020 na kuendelea: 5,000 kwa petroli, 3,500 kwa haibridi.
- Ford Maverick: 2,000 bila kifurushi cha kuvuta, 4,000 ikiwa nacho.

Kifurushi cha kuvuta ni zaidi ya kipande cha chuma nyuma. Mara nyingi kina kipoza mafuta ya giaboksi, nyaya, na hata uwiano tofauti wa gia. Kufunga kiungio cha dukani kwenye Maverick ya 2,000 hakuifanyi iwe ya 4,000.

Usisahau kwamba gari nalo linalala mahali. Nafasi ya kuegesha Marekani kwa kawaida ni futi 9 kwa 18. Pikapu ya Ford F-150 ya milango minne yenye kitanda kifupi (sehemu ya nyuma ya mizigo) ina zaidi ya futi 19, inatokeza. Tacoma ya milango minne yenye kitanda kifupi iko kama futi 17 na inchi 8. Highlander ina kama futi 16 na inchi 3. Kama kazini unaegesha kwenye jengo la ghorofa, soma kimo kilichoandikwa mlangoni kabla ya kununua pikapu iliyoinuliwa.

Vitabu vingi pia huweka kikomo cha eneo la uso wa mbele wa trela, kwa sababu upepo huzuia kama uzito unavyozuia. Trela jepesi lakini lenye kimo na upana mkubwa linaweza kuvuka kikomo hicho. Hapa mayai na matrela ya pembetatu yanashinda.

Hatua ya 7: Kiungio, nyaya na breki

Kila kipande kina namba yake: kipokezi kilichofungwa chini ya gari, chuma kinachoingia ndani yake, gololi ya kuunganishia, na kifuniko cha ulimi wa trela. Namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala.

Gololi lazima ilingane na ulimi. Zipo za inchi 1 na 7/8, inchi 2, na inchi 2 na 5/16. Ulimi wa inchi 2 juu ya gololi ya 1 na 7/8 hukaa vizuri nyumbani na kuchomoka kwenye matuta. Soma kilichopigwa muhuri juu ya ulimi.

Trela linapaswa kukaa sawa, au kuinama mbele kidogo sana. Weka pima maji kwenye chesisi. Likiinuka mbele, badilisha chuma cha kiungio kwa kilichoshuka zaidi.

Breki: majimbo mengi yanadai trela liwe na breki zake kuanzia ratili 3,000, California kuanzia 1,500, na vitabu vya magari mengi vinadai mapema kuliko sheria. Breki za umeme zinahitaji plagi ya pini saba na kidhibiti cha breki karibu na dereva. Plagi ya pini nne huendesha taa peke yake. Kama gari lako lina pini nne, mpe fundi wa nyaya kazi hiyo. Usiunganishe kwa kukata waya wa taa.

Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya ulimi, mmoja juu ya mwingine. Waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye gari, usifungwe kwenye mnyororo.

Hatua ya 8: Kagua trela kabla ya kulipa

Nenda mchana, ikiwezekana siku moja baada ya mvua.

Kanyaga sakafu yote, hasa pembeni mwa mlango na chini ya madirisha. Inayobonyea imeoza. Bonyeza kona za dari kwa kidole, fungua kabati zote, nusa. Tazama kuta za nje kwa pembeni ukilenga jua: uvimbe maana yake maji yameingia na gundi imeachia. Panda ngazi utazame paa. Muuzaji asipokuruhusu kupanda, ondoka.

Matairi: tafuta herufi DOT na namba nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Matairi ya trela huzeeka kwa kukaa hata kama uso bado una meno. Yakipita miaka sita, panga kuyabadilisha na punguza bei kwa kiasi hicho.

Hati ya umiliki: namba ya VIN (ya kulitambulisha trela) kwenye hati ilingane na iliyo kwenye chesisi, jina la muuzaji liwe ndilo la kwenye hati, na pasiwe na deni la benki. "Hati nitakutumia baadaye" ni neno la kukufanya urudi nyumbani na pesa zako.

Hatua ya 9: Lipime likiwa limepakiwa

Pakia kama mnakwenda safari, watu wote ndani, nenda kwenye mizani ya malori. Ndugu zetu wengi wanaendesha malori na wanaijua CAT Scale. Muombe mmoja akusindikize mara ya kwanza. Magurudumu ya mbele yasimame kwenye sahani ya kwanza, ya nyuma kwenye ya pili, trela kwenye ya tatu. Kisha achanisha trela mahali panaporuhusiwa na upime gari peke yake. Uzito wa gari likiwa na trela (sahani ya kwanza na ya pili tu), ukitoa uzito wake peke yake, ndio uzito wa ulimi.

Ulimi ukiwa chini ya asilimia 10, sogeza mizigo mizito mbele ya ekseli. Ukizidi 15, au gari likivuka kikomo chake, hamisha au acha mzigo.

Hatua ya 10: Kuliingiza kwenye nafasi finyu

Shika usukani chini kabisa, pale namba 6 inapokaa kwenye uso wa saa. Mkono ukienda kulia, mkia wa trela unakwenda kulia. Sogea polepole na urekebishe kidogo kidogo. Dereva wa lori asije akajiamini mno: trela fupi hujibu haraka zaidi kuliko la futi 53, na hujikunja kabla hujapata muda wa kulisahihisha.

Ikiwezekana ingia ukitokea upande unaokufanya urudi nyuma kuelekea kushoto, upande wako wa dereva, ili uuone mkia. Weka mtu mmoja tu wa kuelekeza, asimame unapomwona kwenye kioo. Ukimpoteza, simama papo hapo.

Nafasi ikiwa ndogo mno kwa gari na trela pamoja, achanisha na usukume kwa toroli la mkono au mashine ya umeme ya kusukumia, mahali tambarare tu. Kabla ya kuachanisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Kila mara.

Likiingia gereji, ondoa mitungi ya gesi na uiweke nje. Kuna matrela yenye ulimi unaokunjika kwa bawaba, au unaoweza kuwekewa bawaba hiyo na fundi. Huokoa kama futi 2, na kwa gereji nyingi hizo ndizo zilizokuwa zinakosekana.

Mambo yakienda mrama

*Trela linayumba barabarani.* Usikanyage breki ya gari kwa nguvu wala kuongeza mwendo. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, bonyeza breki ya trela peke yake kwenye kidhibiti. Ukisimama, angalia uzito wa ulimi na upepo wa matairi. Punguza mwendo: baadhi ya matairi ya matrela hayapaswi kuzidi maili 65 kwa saa, na California kikomo cha wanaovuta ni 55.

*Nyuma ya gari imeinama, taa za mbele zinaangaza juu.* Ulimi mzito au mzigo mwingi nyuma ya gari. Rudi kwenye hesabu ya Hatua ya 4 kabla ya kununua springi za kuongezea. Springi huinua gari, haziongezi uwezo wa stika.

*Mkia unakwaruza kwenye mteremko wa nyumbani.* Ingia kwa pembe badala ya kunyooka, weka mbao pana chini ya magurudumu pale njia inapokutana na barabara. Ikishindikana, fundi anaweza kuinua trela kwenye ekseli, lakini pima kimo upya kama linalala gereji.

*Taa za trela zinapepesa au hazifanyi kazi.* Anza na kutu kwenye pini, kisha waya wa ardhi. Matatizo mengi huishia hapo.

*HOA imetuma barua.* Jibu kwa maandishi ndani ya siku walizotoa, omba muda wa kuhamisha, ukodi yadi kwa mwezi mmoja. Ukiwa na lile jibu lao la Hatua ya 2, liambatishe.

*Limekaa majira yote ya baridi.* Kwenye majimbo ya baridi kali maji yote yatolewe na dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda ipitishwe kwenye mabomba kabla ya Desemba. Betri itoke, ikae ndani ikiwa na chaji. Masika, kabla ya safari ya kwanza, jaza upepo, kaza nati za magurudumu kwa kipimo cha kitabu, na uzikaze tena baada ya maili 50.